Nakshi ya Kitunisia: pima uzi kabla ya kutaja bei

Mablanketi mawili ya mtoto yanaweza kutoka kwa fundi mmoja, yakawa na ukubwa uleule, uzi uleule na rangi ileile, lakini moja likawa limekula uzi mwingi zaidi kuliko jingine. Kinachoyatofautisha ni nakshi, yaani namna vitanzi vilivyopangwa mpaka kitambaa kikawa na vinundu, mistari au miraba inayoonekana kwa macho na kusikika kwa kidole. Kwa mfanyabiashara anayepokea oda upande mmoja wa mpaka na kupeleka mzigo upande wa pili, tofauti hiyo inaweza kuwa ndiyo faida yake yote.

Jambo hili huonekana wazi katika kroshia ya Kitunisia, ufumaji unaotoa kitambaa kizito na chenye joto. Shali au blanketi la namna hii linafaa Njombe, Limuru au Kabale, kwenye baridi ya milimani. Kwa miji ya pwani, kitambaa hichohicho kinafaa zaidi kwa mikoba, mito ya makochi na vitandiko vya meza.

Jina linaitaja Tunisia, lakini habari zake zilizoandikwa zinapatikana zaidi katika vitabu vya mishono vya Ulaya vya karne ya 19. Thérèse de Dillmont aliueleza ufumaji huu katika kitabu chake kikubwa cha kazi za mikono cha mwaka 1886, na tayari alikuwa akitaja sindano ndefu yenye kirungu mwishoni.

Kwenda na kurudi

Anayejua kufuma vitambaa vya makochi kwa kroshia ya kawaida hatapata shida kuelewa. Katika kroshia ya kawaida, mshono mmoja humalizwa kabla ya kuanza mwingine. Katika ile ya Kitunisia, fundi hukusanya vitanzi vya mstari mzima kwenye sindano, kisha huviachia kimoja baada ya kingine wakati wa kurudi. Ndiyo maana sindano yake ni ndefu, na ile ya kazi pana huwa na mkia wa waya laini wa kubebea vitanzi. Mstari mmoja, kwa hiyo, ni safari mbili: kwenda na kurudi. Kazi haigeuzwi, na uso wa kitambaa humtazama fundi mwanzo hadi mwisho.

Kila mstari unapokamilika huacha nguzo ndogo zilizosimama mbele ya kitambaa. Karibu nakshi zote huzaliwa na swali moja: je, katika mstari unaofuata, sindano ipite wapi kwenye nguzo hizo?

Sindano ikipita nyuma ya nguzo ya mbele peke yake, unapatikana mshono wa kawaida, wenye vijimraba vilivyopangika kama dirisha la wavu. Ikipenya kati ya nguzo ya mbele na ya nyuma hadi upande wa pili, kitambaa hufanana na sweta iliyofumwa kwa sindano mbili, ila huwa kinene zaidi. Uzi ukiletwa kwanza mbele ya sindano, ndipo nguzo ichukuliwe, hutokea kinundu kilicholala.

Kwa mishono hiyo mitatu tu fundi anaweza kujaribu mengi. Akipokezanisha mshono wa kawaida na wa kinundu, na katika kila mstari akausogeza mpango huo kwa nafasi moja, hupata nakshi ya sega la nyuki. Akifuma mishono minne ya kawaida na minne ya vinundu kwa mistari minne, kisha akabadilishana nafasi zake, hupata miraba inayofanana na kikapu. Akitaka vidoto vilivyotuna kama bisi, huongeza vitanzi vitatu au vinne vya mnyororo wakati wa kurudi, halafu huvisukuma mbele. Kusuka vitanzi kwa kuvivusha, kimoja juu ya kingine, hutoa nakshi ya kamba.

Uzuri huo una gharama. Vidoto vya bisi vinatumia uzi ambao hauongezi hata sentimita moja ya upana. Nakshi ya kamba huvuta kitambaa kikawa chembamba, hivyo vitanzi vingi zaidi vinahitajika kufikia kipimo kilekile. Mnunuzi anayeona picha kwenye simu na kusema, “Nataka kama hii, lakini kwa bei ya ile,” huenda anaomba gramu nyingi za uzi bila kujua.

Jaribio la sentimita 20

Dawa yake ni kipande cha majaribio. Fundi afume kipande cha sentimita 20 kwa 20 kwa kila nakshi anayotaka kuuza, akitumia uzi na sindano zilezile. Akibadilisha nakshi na sindano kwa wakati mmoja, hatajua kipi kimeongeza uzito. Kipande kikikamilika, kipimwe kwenye mizani ndogo ya jikoni inayoonyesha gramu, na karatasi ifungwe juu yake: jina la nakshi, aina ya uzi, namba ya sindano, idadi ya vitanzi, idadi ya mistari, uzito na muda uliotumika.

Tuchukue hesabu ya mfano. Kipande cha mshono wa kawaida kina gramu 24, na cha bisi kina gramu 30. Blanketi la sentimita 80 kwa 100 ni sawa na vipande 20 vya ukubwa huo. La kwanza litahitaji gramu 480, la pili gramu 600. Tofauti ni gramu 120 kwa blanketi moja. Kwa oda ya mablanketi 10, hiyo ni kilo 1 na gramu 200, yaani mabonge 12 ya uzi ya gramu 100 kila moja. Aliyetaja bei kwa kuangalia kipande cha kwanza, kisha akakubali nakshi ya pili, atayanunua mabonge hayo kwa fedha yake mwenyewe.

Muda nao huhesabiwa hivyohivyo. Kipande kilichochukua saa moja kitageuka saa 20 katika blanketi, kabla ya kumalizia kingo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la mfumaji huanzia kwenye kipande hicho kidogo.

Kitambaa kinachojikunja

Kasoro inayojulikana sana katika ufumaji huu ni kitambaa kujikunja kingo, hasa kwa mshono wa kawaida na ule wa sweta. Fundi anayekaza mkono huona kazi ikijiviringisha kama mkeka. Tiba ya kwanza ni kutumia sindano nene kuliko ile ambayo uzi huo ungetumia katika kroshia ya kawaida. Ya pili ni kuanza na kumaliza kwa mistari michache ya vinundu, kwa kuwa vinundu huvuta upande wa pili na kusawazisha. Hapa nakshi inafanya kazi, siyo pambo tu: sega la nyuki na kikapu hulala vizuri zaidi kwa sababu zimechanganya mishono inayovutana.

Baada ya kufuma, kitambaa cha sufu hulowanishwa, hunyooshwa kwa kipimo na kubanwa kwa pini hadi kikauke. Uzi wa akriliki unahitaji tahadhari. Mvuke kidogo kwa mbali unatosha. Pasi ya moto ikikigusa, kitambaa hulegea na nakshi kulala, na haisimami tena. Mfanyabiashara anayepiga pasi mzigo ili upendeze sokoni anaweza kuharibu kitu kilekile alicholipia.

Kwa anayenunua kwa ajili ya kuuza, ukaguzi ni mfupi. Atandaze kitambaa mezani bila kukishika na kuona kama kingo zinainuka. Apime upana juu, katikati na chini. Kikipungua kuelekea juu, fundi amekuwa akipoteza vitanzi pembeni. Ahesabu miraba au masega katika mstari wa kwanza na wa mwisho. Kisha apime uzito wa vitu viwili au vitatu vya nakshi moja. Vikipishana sana, mikono imebadilika au uzi umebadilika.

Mzigo unapofika mpakani

Jumuiya ya Afrika Mashariki ina cheti chepesi cha uasili wa bidhaa kwa shehena ambayo thamani yake haizidi dola 2,000 za Marekani. Kwa bidhaa inayostahili, cheti hicho humwondolea mfanyabiashara ushuru wa forodha. Hakifuti kodi nyingine wala masharti mengine ya nchi anayoingia. Kwa vitu vilivyofumwa, swali la kuuliza mapema ni la uzi. Kazi imefanyika hapa kwetu, lakini uzi unaweza kuwa umetoka nje ya Jumuiya, na afisa wa forodha ndiye atakayeeleza kama bidhaa hiyo inatimiza masharti ya uasili. Ni nafuu kuuliza kabla ya kununua mabonge 50 kuliko kuuliza mzigo ukiwa umeshushwa.

Risiti za uzi, orodha ya vitu kwa idadi, na bei ya kila kimoja hurahisisha maongezi hayo. Hapa pia daftari la vipande vya majaribio linasaidia. Anayeweza kuonyesha kwamba blanketi moja lina gramu 600 za uzi wa bei fulani na saa kadhaa za kazi anaeleza thamani ya mzigo wake kwa uhakika, badala ya kubahatisha mbele ya dirisha.

Jambo la mwisho ni makubaliano kati ya watu watatu ambao huenda hawakutani: fundi, mchukuzi wa oda na mnunuzi wa ng’ambo ya mpaka. Maneno kama “nzito,” “laini” au “yenye vidoto” kila mmoja huyaelewa kivyake, na picha ya simu haionyeshi uzito. Vifumwe vipande viwili vya nakshi iliyochaguliwa, vyenye karatasi zinazofanana. Kimoja kibaki kwa fundi, kingine kiende kwa mnunuzi pamoja na bei. Siku mzigo utakapofunguliwa, kipande kiwekwe juu ya blanketi. Vikilingana, hakuna ubishi. Visipolingana, inajulikana papo hapo nani amebadilisha nini.