Je, Wajua? Stata ya Pikapu
Je, wajua ya kuwa kabla ya mwaka 1912, magari ya Cadillac ya Marekani yalipoanza kutiwa stata ya umeme iliyobuniwa na Charles Kettering, dereva alilazimika kuiamsha injini kwa hendeli, na wengine wakavunjika mikono? Basi mwenye pikapu wa Sengerema, aliyezoea kuzima na kuwasha injini katika foleni ya kivuko cha Busisi hadi daraja lilipofunguliwa mwaka 2025, akiazimia kubadilisha stata uani kwake, na aufungue kwanza waya hasi wa betri, kwani ule waya mnene uendao kwenye stata aghalabu hauna fyuzi, na spana ikiugusa pamoja na bodi, cheche kali huruka. Lakini kabla ya kuihukumu stata, azisafishe ncha za betri, maana kutu ya hapo huzuia umeme, na stata salama ikadhaniwa imekufa.