Macho Yetu (3): Kabla Hujalala Chini ya Leza

Juma lililopita tuliishia kwenye miwani. Tuliona kwamba jicho lililorefuka kupita kiasi huiangusha taswira mbele ya retina, mwenye jicho akasoma gazeti bila shida lakini asiweze kusoma kibao cha daladala mpaka imfikie puani. Tangu hapo swali ninaloulizwa ni moja: kwa nini mtu ahangaike na miwani, si akapigwe leza yaishe?

Leza inafanya kazi, hilo halina ubishi. Ila haifai kila jicho, na jambo linaloamua kama mtu atashukuru au atajuta hufanyika kabla ya upasuaji, siku ya vipimo. Kwa hiyo leo nitakaa kwenye vipimo kuliko kwenye mashine yenyewe.

Konea ni ule utando angavu ulio mbele kabisa ya jicho, unaofunika sehemu ya rangi na mboni. Wengi hudhani lenzi ya ndani ndiyo yenye kazi kubwa ya kupinda mwanga. Sivyo: karibu theluthi mbili za kazi hiyo hufanywa na konea. Kwa hiyo ukiubadilisha mbinuko wake hata kidogo tu, umebadilisha mahali taswira inapotua. Asiyeona mbali hupunguzwa konea katikati ili ilale kidogo. Asiyeona karibu hupunguzwa pembezoni ili katikati painuke.

Wazo hili si la jana. José Ignacio Barraquer wa Bogotá, Kolombia, alilieleza kwa maandishi mwaka 1949, na baadaye akawa anakata kisahani cha konea, anakigandisha kwa baridi kali, anakikereza kwa mashine, kisha anakirudisha jichoni. Kilichokosekana ni kisu chepesi zaidi ya chuma. Kilipatikana mwaka 1981 katika maabara ya kampuni ya IBM huko New York, pale Rangaswamy Srinivasan alipochukua mabaki ya bata mzinga wa sikukuu akayamulika kwa leza ya eksima. Mwanga ule wa urujuanimno, wenye urefu wa wimbi wa nanomita 193, ulichonga gegedu la bata bila kuunguza nyama iliyo kando, kwa sababu huvunja vifungo vya molekuli badala ya kupika. Miaka miwili baadaye daktari wa macho Stephen Trokel alishirikiana na Srinivasan kuujaribu kwenye konea. Marekani iliidhinisha upasuaji wa kwanza wa aina hii, PRK, mwaka 1995.

Siku hizi njia zinazotumika sana ni tatu. Katika PRK ngozi ya juu ya konea hukwanguliwa kwanza, kisha leza huchonga. Maumivu ni ya siku tatu au nne, na macho huchukua majuma kadhaa kutulia. Katika LASIK hukatwa kifuniko chembamba, hupinduliwa kando kikiwa bado kimeshikwa upande mmoja, leza huchonga chini yake, kifuniko hurudishwa. Wengi huona vizuri kesho yake, na ndiyo maana njia hii ndiyo iliyopata umaarufu. SMILE ndiyo mpya: leza huchora kipande chembamba ndani ya konea na daktari hukitoa kupitia mpasuko wa milimita chache.

Anayeogopa kudungwa sindano jichoni atulie, haipo. Ganzi ni ya matone. Katika LASIK, kibanio huzishika kope zisifumbe, pete ya kunyonya hulikamata jicho, na kwa sekunde kadhaa kuona hufifia kabisa. Hapo ndipo wagonjwa wengi hushtuka kwa kuwa hakuna aliyewatahadharisha. Kisha utaambiwa ukodolee taa. Utasikia mlio wa tatatata na kunusa harufu kama ya nywele zilizoungua. Hakuna kinachoungua, ni chembe za konea zinazopeperuka. Kwa namba za kawaida za miwani, leza yenyewe huwaka kwa muda usiofika hata dakika moja kwa jicho.

Sasa hesabu, na nakuomba uifuate mpaka mwisho, maana hapa ndipo penye uamuzi wote. Konea ya kawaida ina unene wa maikroni 540 hivi, yaani zaidi kidogo ya nusu milimita. Kwa eneo la kuchongwa lenye kipenyo cha milimita 6, kila namba moja ya miwani hula takriban maikroni 12. Mtu mwenye namba kutoa 6 atapoteza maikroni 72. Kifuniko cha LASIK ni kama 110, nacho hakihesabiwi tena kama nguzo, kwa sababu hakishikani na konea kama zamani. Toa vyote kwenye 540, zinabaki 358. Huyo yuko salama.

Mchukue sasa mwingine mwenye namba kutoa 10 na konea ya maikroni 490. Kuchonga ni 120, kifuniko 110, anabaki na 260. Kiwango cha chini kinachokubalika kwa kawaida ni 250, na madaktari wengi waangalifu hawapendi kushuka chini ya 300. Kwenye karatasi huyu anapita. Mimi ningemshauri asikubali. Konea iliyopunguzwa mno hulemewa na shinikizo la ndani ya jicho, ikaanza kuchomoza mbele miezi au miaka baadaye, na kuona kukaharibika kwa namna ambayo miwani haiwezi kurekebisha.

Unene peke yake hautoshi. Kuna maradhi ya keratokonasi, ambayo konea huchongoka yenyewe kama koni, mara nyingi kuanzia ujanani. Ukimfanyia mtu huyu LASIK unamharakishia maradhi. Hugunduliwa kwa ramani ya konea, picha ya rangi ambayo bluu ni palipolala na nyekundu ni palipoinuka. Doa jekundu likikaa upande wa chini badala ya katikati, daktari mzuri huweka kalamu chini na kukuambia hapana. Maradhi haya huenda pamoja na mazoea ya kufikicha macho, na wanaofikicha zaidi ni wenye mzio. Katika ukanda wetu mzio wa macho kwa watoto umejaa: macho mekundu, muwasho, mtoto anayasugua kwa viganja kutwa nzima. Ikiwa ulikuwa mtoto wa namna hiyo, mwambie daktari hata kama hajakuuliza. Na wewe mzazi, kumtibu mwanao huo muwasho ni kumkinga na mengi.

Wengine wanaotakiwa kusubiri au kuacha kabisa ni walio chini ya miaka 18, wale ambao namba yao ya miwani imebadilika ndani ya mwaka mmoja, wajawazito na wanaonyonyesha, wenye lupasi au baridi yabisi isiyodhibitiwa, waliowahi kupata hepesi ya jicho, na wanaotumia vidonge vya chunusi vya isotretinoini. Kuhusu makovu ya keloidi, ambayo sisi weusi tunayo zaidi, zamani yaliogopwa na yaliandikwa kwenye maonyo. Tafiti za baadaye hazikuona konea ikifanya keloidi.

Je, baada ya hapo kuna madhara? Yapo. FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, iliwafuatilia waliofanyiwa LASIK kwa kuwauliza wagonjwa wenyewe badala ya kutegemea kauli za madaktari. Zaidi ya asilimia 95 waliridhika na kuona kwao. Hata hivyo, miongoni mwa wale ambao kabla hawakuwa na dalili zozote za kuona vibaya, hadi asilimia 46 waliripoti angalau moja baada ya miezi mitatu, kama vile duara la mwanga kuzunguka taa usiku, na hadi asilimia 30 ya wasiokuwa na ukavu wa macho walianza kuusikia. Waliopata shida kubwa katika shughuli zao walikuwa chini ya asilimia 1. Kwa mwalimu hayo ni usumbufu tu. Kwa dereva wa basi la usiku kwenda Mwanza, duara kwenye kila taa ya gari linalokuja ni suala la kazi yake, alipime hivyo.

Mwenye miaka 40 na kitu namwonya kwa namna ya peke yake. Leza haizuii uzee wa lenzi. Fundi cherehani mwenye namba kutoa 3 huvua miwani akatunga uzi bila taabu, kwa kuwa jicho lake limeumbwa kuona karibu. Ukimrekebisha aone mbali, kesho yake atatafuta miwani ya kusomea. Wengi huambiwa hili baada ya kulipa.

Jambo la mwisho ndilo linalosahaulika zaidi. Konea iliyopunguzwa huidanganya mashine ya kupimia presha ya macho, ikasoma chini kuliko hali halisi. Sisi Waafrika tumo katika kundi lenye hatari kubwa ya glakoma, maradhi ambayo mara nyingi huenda na presha kubwa ya macho, nayo hupofusha bila maumivu. Vivyo hivyo, ukija kupata mtoto wa jicho uzeeni, hesabu za lenzi ya kupandikizwa hupotoka kama daktari hajui konea ilikuwaje mwanzo. Dai nakala ya vipimo vyako vya kabla ya upasuaji: unene, mbinuko, presha na namba ya miwani. Ihifadhi pamoja na vyeti vya shule, hata kama ulipasuliwa Nairobi au India. Vilevile jicho refu hubaki refu hata baada ya leza, kwa hiyo mwenye namba kubwa aendelee kuchunguzwa retina.

Kuhusu matangazo ya ofa za macho mawili kwa bei ya moja, ushauri wangu ni mfupi: muulize daktari ni wangapi amewakatalia. Asiyewahi kumkatalia mtu, mkimbie.

Juma lijalo tutawaangalia waliokataliwa, maana wanazo njia nyingine, zikiwemo lenzi za kupandikizwa ndani ya jicho. Kwa sasa, kama una miadi ya vipimo vya leza na unavaa lenzi za kontakti, uliza leo uziache lini: laini kwa kawaida angalau wiki mbili kabla, ngumu zaidi ya hapo, la sivyo ramani ya konea yako itakuwa ya uongo.