Je, Wajua? Kuna kifaduro kisicho na kikohozi

Mtoto mchanga anaweza kuugua kifaduro bila kukohoa hata mara moja. Yeye husita kupumua. Midomo inageuka buluu, kisha pumzi inarudi, au hairudi. Huyo ni wa kukimbizwa hospitali saa hiyohiyo.

Aliyemwambukiza mara nyingi ni mtu wa nyumbani, mkubwa, anayedai ana “kikohozi tu”.

Kwa watoto waliokua kidogo, kikohozi huja mfululizo, pumzi huvutwa kwa mlio, kisha matapishi. Dawa ya azithromaisini huua bakteria, na baada ya siku 5 mgonjwa haambukizi tena. Kukohoa kwenyewe huweza kuendelea kwa wiki nyingi: njia ya hewa imekwisha kuumizwa.

Kwa ratiba ya Msumbiji, mtoto wa Afungi huchanjwa dhidi ya kifaduro akiwa na miezi 2, 3 na 4. Wa Mtwara, ng’ambo ya Mto Ruvuma, wiki ya 6, 10 na 14. Chanjo ni ileile ya magonjwa matano. Cha ajabu, hata kwenye joto la pwani hiyo, huharibika upesi zaidi kwa barafu. Ikiganda mara moja tu, hutupwa.