Nyumba ya Mawe ya Lamu na Mwanafunzi wa Kiswahili

Mwanafunzi wa Kiswahili mjini Kakamega alisikiapo neno "kiwanda" huwaza mara moja sukari ya Mumias. Kwa Mwamu azungumzaye juu ya nyumba ya kale, kiwanda ni ua wa ndani, ulio wazi juu, uingizao hewa na mwanga. Wote wawili husema Kiswahili. Kinachowatenganisha ni nyumba.

Mji Mkongwe wa Lamu, uliotiwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, ni mji wa mawe ambamo watu wangali wakiishi. Nyumba zake nyingi maarufu ni za karne ya 18. Kuta zake nene zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari hubebwa na boriti za mikoko. Kwa kuwa boriti hizo hazivuki upana mkubwa, vyumba huwa virefu na vyembamba.

Mgeni hupokewa kwanza katika daka, yaani ukumbi wa mlangoni wenye mabaraza ya mawe. Akikaribishwa, hupitia tekani, kipito chenye kona kinachozuia macho ya mpita njia yasifike kiwandani. Mbele ya kiwanda kuna misana, kumbi ndefu zinazofuatana, na nyuma yake "ndani", chumba cha faragha cha wenye nyumba. Neno hilo hapa ni jina la chumba, wala si kielezi. Ukutani mwake hupangwa zidaka za chokaa, zilizowekwa vyombo vya kauri. Kiambishi zi- badala ya vi- ni alama ya Kiamu.

Maarifa haya yana faida katika fasihi. Katika Al-Inkishafi, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir anaeleza magofu ya Pate, ambako madaka yaliyokuwa ya sahani yamekuwa malalo ya makinda ya ndege. Msomaji anayelijua daka la mlangoni pekee atashangaa sahani zilifanya nini barazani. Aliyeona ukuta wa zidaka huelewa mara moja, na huhisi ukubwa wa hasara anayoililia mshairi.

Hatari iliyopo ni kwamba maneno haya yameshikamana na kuta. Msana ukigawanywa kuwa vyumba vidogo, au kiwanda kikiezekwa, mtoto alelewaye humo hana sababu ya kulitamka jina la awali. Kamusi yaweza kulihifadhi neno, lakini haiwezi kumpitisha msomaji kutoka dakani hadi ndani.

Kwa hiyo, ziara ya Lamu haifai kuhesabiwa kuwa matembezi tu. Mwanafunzi wa Kakamega apige hodi kwa adabu, aulize jina la kila sehemu kwa Kiamu, na aliandike pamoja na kazi yake, wenyeji wa kulieleza wangalipo.