Kuta za Chokaa Pale Posta ya Zamani

Watalii wengi wanaotua Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere huiona Dar es Salaam kama mahali pa kubadilishia usafiri wa kwenda Zanzibar au Serengeti. Wakazi wengi wa Gongo la Mboto, wanaoupita uwanja huo kila wakienda mjini, nao wanauona mji ni wa kutafutia riziki tu. Kwa mtu anayeshughulika na majengo ya kale, hilo linauma. Shuka Posta ya Zamani siku ya Jumapili, barabara zikiwa tupu, utembee taratibu.

Anzia Boma la Kale, karibu na gati la boti za Zanzibar. Lilijengwa mwaka 1866 hadi 1867, Sultani Majid wa Zanzibar alipokuwa akiunda mji mpya hapa, ili wageni wake wapate pa kufikia. Shika ukuta wake. Ni mawe ya matumbawe yaliyounganishwa kwa chokaa, na dari za nyumba za aina hii hubebwa na boriti za mikoko. Ndiyo maana vyumba vya kale vya pwani ni vyembamba na virefu: upana wa chumba haukuweza kuzidi urefu wa boriti. Chokaa hupumua, unyevu ukiingia ukutani hutoka. Fundi akija na saruji akapiga lipu juu yake, maji hukwama ndani, chumvi ikaanza kulila jiwe, na miaka michache baadaye watu wakasema jengo limezeeka. Halikuzeeka, limetibiwa vibaya.

Majid alifariki mwaka 1870 na mji ukadorora, mpaka Wajerumani walipohamishia makao yao makuu hapa kutoka Bagamoyo mwaka 1891. Kanisa la Azania Front na Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, yote mawili yaliyokamilika mwanzoni mwa karne ya 20, yanaonyesha walivyotaka waonekane na meli inayoingia bandarini.

Jirani na hapo ipo nyumba ambayo wapita njia hawaiangalii mara mbili: Atiman House, nayo ya zama za Majid. Imepewa jina la Adrien Atiman, aliyezaliwa karibu na Timbuktu, akatekwa utotoni na kuuzwa utumwani, akakombolewa na wamisionari, akasomea utabibu Malta. Alifika Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, mwaka 1889, akatibu watu huko hadi alipofariki mwaka 1956. Ningependa kila mwanafunzi wa Dar es Salaam amjue mtu huyu wa Afrika Magharibi aliyetupatia maisha yake yote.

Ukiendelea kutembea utaikuta Sanamu ya Askari. Ni ya Waingereza, ya mwaka 1927, kwa ajili ya Waafrika waliopigana Vita Kuu ya Kwanza. Kabla yake pale palisimama sanamu ya Wissmann, gavana wa Kijerumani. Soma maandishi ya Kiswahili ya sanamu iliyopo sasa, yaliyochongwa kwa herufi za Kirumi na za Kiarabu. Ukibaki na nguvu, Makumbusho ya Taifa, mtaa wa Shaaban Robert, yana habari za fuvu la zamadamu aitwaye Zinjanthropus lililopatikana Olduvai mwaka 1959.

Nenda mapema, maana vitu hivi havisubiri. Jengo la Salamander, la enzi ya Wajerumani, mtaa wa Samora, limekwishabomolewa, na kelele zilizopigwa zilikuwa za watu wachache.

Jumapili nyingine geukia upande wa pili, Pugu. Msitu wa Pugu-Kazimzumbwi, ulio chini ya Wakala wa Huduma za Misitu (TFS), ni makazi ya komba wa Rondo, mnyama asiyefika gramu 100 na aliye hatarini kutoweka duniani. Hutoka usiku, kwa hiyo mgeni wa mchana aridhike na ndege na miti. Kisha pitia Shule ya Sekondari Pugu. Ilipoitwa St. Francis, Julius Nyerere alifundisha hapo huku akiongoza harakati za siasa, chama cha TANU kikazaliwa mjini tarehe 7 Julai 1954, na mwaka 1955 akaacha kazi ya ualimu ili afanye siasa kwa muda wake wote. Wanafunzi bado wanasoma pale, kwa hiyo omba ruhusa ofisini kabla ya kuzunguka.