Kalamu ya Vita na Kalamu ya Ndege: Mazingatio juu ya Richard Meinertzhagen

Wilayani Mbozi, uliko mji wa Mlowo, kimo Kimondo, jiwe la chuma lililoanguka kutoka angani. Wenyeji walilifahamu kabla halijaandikiwa taarifa mwaka 1930. Na mtu akifuata barabara kuu kutoka Mlowo hadi Tunduma, ng'ambo ya mpaka iko Fife, ambako jeshi la Kijerumani la Lettow-Vorbeck lilipigana mwanzoni mwa Novemba 1918. Habari ya kwanza ni ya maumbile, ya pili ni ya vita. Nazo vitabuni zimetufikia zaidi kwa kalamu za wageni. Je, kalamu hizo ziaminiwe kwa kiasi gani?

Tumtazame Richard Meinertzhagen (1878–1967), ofisa Mwingereza aliyeziandika fani zote mbili. Alifika Kenya ya leo mwaka 1902. Mwaka 1904 nguruwe mkubwa wa msituni akapewa jina lake la kisayansi. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipozuka, aliongoza upelelezi wa Waingereza dhidi ya Lettow-Vorbeck. Baadaye alichapisha *Birds of Arabia* (1954), *Kenya Diary* (1957) na *Army Diary* (1960).

Baada ya kufa kwake, wataalamu walibaini kwamba aliiba vielelezo vya ndege vilivyokusanywa na wengine, akaviandikia mahali na tarehe za uongo. Bundi mmoja wa India alitafutwa bure kwa kufuata maelezo yake. Watafiti walipoyaweka kando, walimpata akiwa hai mwaka 1997.

Basi tuurejee mkasa wa Oktoba 19, 1905, Meinertzhagen alipomuua Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi. Yeye aliandika kwamba alijihami. Wanandi husimulia kwamba kiongozi wao aliitwa kwenye mazungumzo ya amani, akauawa kwa hila. Kwa miaka mingi shajara iliitwa ushahidi, na masimulizi yakaitwa hadithi tu. Uongo juu ya ndege hauthibitishi uongo juu ya vita; lakini unaiondolea shajara haki ya kuaminiwa bila kuhojiwa.

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, funzo ni hili: maandishi na masimulizi yapimwe kwa mizani moja. Kwa hiyo atokaye Mlowo na awaulize wazee wa Kinyiha habari za Kimondo na za vita, aziandike kwa Kiswahili, na kila habari aitajie msimulizi, mahali na siku. Hayo matatu ndiyo aliyoyachezea Meinertzhagen.