Meno ya Msumeno Yanaelekea Wapi?

Fundi akija kukutandikia sakafu ya lamineti, na chombo cha kwanza kukitoa mkobani ni grainda, mwambie airudishe. Grainda ina kazi zake: nondo, vigae, zege. Lamineti inaiunguza. Kingo zinatoka nyeusi, nyumba nzima inanuka, na vumbi lake ni unga wa mbao wenye gundi, si la kuvuta bila barakoa.

Mimi ni seremala, na watu hawaishi kuniuliza wanunue mashine gani. Kwanza nauliza vyumba vingapi. Kama ni kimoja, msumeno wa mkono wenye meno madogo yaliyokaribiana na jigso ya kuazima vinatosha. Msumeno wa mkono, tena, haujali umeme umekatika.

Lamineti ni laini ndani na kali juu. Ndani ni unga wa mbao ulioshindiliwa. Juu ni picha ya mbao iliyofunikwa kwa melamini yenye oksidi ya alumini, kitu kilekile kinachotiwa kwenye msasa. Ndiyo maana haichunwi ovyo na viatu, na ndiyo maana inamaliza meno ya msumeno upesi. Ukinunua bledi ya mashine, chukua yenye ncha za kabaidi.

Kumeguka kwa uso ndiko kunakowasumbua wengi, na hapo ughali wa mashine hausaidii kitu. Jino linapoingia usoni halina neno. Linapotokea usoni ndipo linapobandua. Msumeno wa mkono hukata ukiusukuma kwenda chini, basi uso wa ubao uutazamishe juu. Jigso ya kawaida hukata meno yakipanda: laza ubao kifudifudi, uchore mstari mgongoni. Ila angalia, ukishaugeuza ubao, kushoto kumekuwa kulia. Mbao nyingi huharibikia hapo, si kwenye kukata. Zipo bledi za jigso zenye meno yaliyogeuzwa, uso ukabaki juu, lakini mashine itarukaruka usipoikandamiza.

Wala usihangaike na kila mkato. Ukutani unaacha nafasi ya milimita 8 hadi 10 ili sakafu ipate pa kutanukia, na skatingi inafunika yote. Jigso itakufaa zaidi kwenye mstari wa mwisho, unapopasua ubao kwa urefu. Kwa mkono, kazi hiyo inachosha bega.

Mlangoni usikate ubao kufuata umbo la fremu. Kata fremu. Weka chini kipande cha lamineti juu ya kipande cha povu linalotandikwa chini yake, laza msumeno wa mkono juu yake, ukate mguu wa fremu kwa kimo hicho. Ubao utapenya chini yake, na hakuna atakayeuona mkato.